Mjane Ndani ya Mkwaju

Kihurio, 23 Machi

Justa, wewe mtoto una roho ya namna gani? Tangu tumzike mama yako hujakanyaga hapa. Hii ni masika ya tatu inaanza. Watu wanakwenda Uarabuni wanarudi, wanakwenda Kongo wanarudi na magodoro, wewe Sumbawanga tu imekushinda kurudi, kana kwamba barabara ya huko inakwenda na haiji. Kwenye simu unaniambia "nitakuja, Bibi," halafu unaniuliza kama nakula. Nakula. Nisingekuwa nakula ningekwisha kufa, na hapo ungekuja mbio umevaa kitenge cha msiba.

Basi nimeamua kukuandikia. Herufi zangu unazijua, ni za ngumbaro, zimetawanyika kama kuku waliofukuzwa jikoni. Utotoni sikukaa darasani hata siku moja, kwa hiyo usinisahihishe. Na sikutumii. Utayasoma maandishi haya hapa hapa, umekaa mbele yangu.

Leo mvua ya kwanza. Milima imefunikwa mpaka kiunoni.

24 Machi

Mvua. Nimepalilia mbaazi. Mgongo unauma.

27 Machi

Ile kamera yako yenye bomba refu, uliyoiacha kabatini siku unaondoka huku unalia, nimeitoa. Nimeipa chaji ya sola, ikakubali. Picha ya kwanza ni paa la choo. Ya pili ni kidole changu, kikubwa kama muhogo. Ya tatu ni ndege, kwezi mzima mzima, na lile jicho lake jeupe ananiangalia kama afisa kilimo.

Nimecheka peke yangu. Kucheka peke yako ni kitu kibaya sana, Justa. Sauti inakwenda halafu hairudi.

6 Aprili, Jumapili

Baada ya ibada Eliufoo amenisimamisha mlangoni. Ni yule yule mzee wa kanisa, majaruba yake yamepakana na uwanja wetu, na bado anavaa koti hata jua likiwaka.

"Mama Veneranda, nasikia unapiga ndege picha. Mimi natafuta namna ya kuwamaliza, wewe unawapamba!"

"Mpunga wako wanakula kwelea kwelea. Kwelea mimi siwapigi picha, wanafanana wote kama waumini wa viti vya nyuma."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Na umesikia anavyoniita? Wengine wote wameacha, sasa mimi ni Bibi tu, kwa sababu jina la mama yako wanaona litanichoma. Huyu haachi. Kila akiniona, Mama Veneranda, Mama Veneranda. Ana moyo wa jiwe.

14 Aprili

Wamerudi! Wale hondohondo wako, kwenye tundu lile lile la mkwaju nyuma ya banda la mbuzi. Dume na mdomo wake mwekundu kama pilipili iliyoiva, jike na mdomo mweusi kama sufuria. Nimeweka kigoda mlangoni kwa jikoni na bomba nimeliegemeza kwenye mchi.

Dume analeta udongo, jike yuko ndani, anajikandika. Anachanganya udongo na mavi yake mwenyewe, anapiga lipu kwa ubavu wa mdomo, pa, pa, pa, fundi hasa. Kesho au keshokutwa kitabaki kipenyo cha kupitisha ncha ya mdomo tu. Nyoka hapiti, nguchiro hapiti. Lakini na yeye hatoki. Manyoya ya mabawa yatamnyonyoka humo ndani yote, akalie mayai akiwa hawezi kuruka hata kidogo. Chakula chake chote ni kile mume atakachoona vyema kuleta.

Mwaka ule ulikaa hapa likizo nzima kusubiri atoke, likizo ikakuishia, na siku ile ile uliyopanda basi ndiyo akatoka. Mwaka huu nitakuona wewe au yeye, mmojawapo lazima atoke.

15 Aprili

Kipenyo tayari.

20 Aprili, Pasaka

Nilipika wali na kuku, nikaweka sahani mbili kwa mazoea. Ya pili kaila Eliufoo, alikuja kuuliza kama ng'ombe wake amepita huku. Alikula, akasema, "Mama Veneranda, huyu kuku umempika kama alivyokuwa anampika Veneranda." Nikamwambia Veneranda alijifunza kwangu, siyo mimi kwake. Akaondoka. Nikakaa na sahani.

4 Mei

Umepiga simu. Nakuandika kama ulivyosema ili uone mwenyewe.

Nikasema, njoo, dume analisha, ni tamasha tupu. Ukasema, "Bibi, nikiingia humo ndani kila kitu kitaniuliza Mama yuko wapi. Mlango, kinu, kila kitu." Nikasema, na mimi je? Mimi vinaniuliza kila asubuhi, nakaa navyo. Halafu ukasema salio linakwisha.

Halikuwa linakwisha, Justa. Mimi nimekulea, mke mwenzangu. Uongo wako naujua hata ukiwa umefunikwa na mablanketi.

9 Mei

Mpunga wa Eliufoo umetoa masuke na kwelea wameshuka kama moshi. Ameajiri mtu wa kuamia ndege, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, anaitwa Kurwa, katokea mashamba ya mkonge na kabla ya hapo Geita. Amejengewa kichanja katikati ya jaruba. Toka alfajiri anapiga debe, anapiga kelele, anazungusha kombeo la udongo. Sauti anayo! Mbuzi wangu wameacha kutoa maziwa.

12 Mei

Leo nitaandika mpaka mkono ufe ganzi.

Jana dume hakuonekana jioni. Nikasema labda nilisinzia. Leo asubuhi hakuonekana. Ile ncha nyeusi ya mdomo ikatoka kwenye kipenyo, ikangoja, ikarudi ndani. Ikatoka tena. Kila kivuli kikipita, inatoka. Nilishindwa kunywa chai.

Jua lilipopanda nikasikia hodi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayenipigia debe masikioni?"

"Ndiye mimi, Kurwa. Bibi, nimekuletea kitoweo." Akatoa kitu kwenye mfuko wa rambo. "Kutoka kichanjani nakuona. Kila siku mama wa watu unatoka na hiyo bunduki yako, unalenga, unalenga, huangushi hata njiwa. Nikasema hapana, huyu ni mama yangu. Jana jioni huyu alikatiza juu ya mpunga, nikampata kwa kombeo. Nimekwisha mnyonyoa, umweke tu chumvi."

Mwili ulikuwa mtupu kama mtoto mchanga. Kichwa alikiacha. Mdomo mwekundu, ncha ya njano.

Justa, nilimpiga. Nilimpiga na mwiko wa ugali mgongoni, nikampiga tena, lile jitu zima limejikunyata mlangoni linasema, "Bibi, kwani siyo mnono?" Nikamkamata shati nikamburuta mpaka chini ya mkwaju. Nikamwambia, tulia hapo, tazama. Tukakaa. Kwezi akapita, na ile ncha nyeusi ikatoka kwenye kipenyo.

"Ni nini hicho?"

"Mke wake."

Halafu akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Amefungiwa?"

"Amejifungia, anaatamia. Mabawa hana sasa. Huyo uliyemnyonyoa hali mpunga hata punje moja, alikuwa anakwenda kwenye kingo za majaruba kumchukulia mkewe panzi."

Kurwa akavua kofia. Nikamwambia, kofia haishibishi mtu. Kamata panzi.

13 Mei

Jike hataki. Nimepanda juu ya kigoda, Kurwa amekishika kwa mikono miwili. Nimebana panzi kwenye mwanzi uliopasuliwa ncha, nimepeleka kipenyoni. Akautwanga mwanzi, akarudi ndani. Mara nyingi, hivyo hivyo. Panzi wote wameangukia kuku.

Mchana nikafikiri: yeye amezoea mdomo mwekundu. Nikachukua lile beseni bovu jekundu, nikakata kipande, nikakivika kwenye ncha ya mwanzi. Kurwa naye akasema dume huwa anagonga na kuita kabla ya kulisha, amemsikia sana kutoka kichanjani. Akajibanza kwenye shina akaanza, kok-kok-kok-kok, kok-kok, na ndevu zake zile.

Akapokea! Panzi mzima, na mguu ukaning'inia nje halafu ukaingia.

"Ni beseni," nikasema.

"Ni sauti, Bibi."

"Sauti yako hata mbuzi imewakosesha maziwa. Ni beseni."

Tumebishana mpaka jioni, lakini hakuna anayethubutu kujaribu moja bila jingine.

15 Mei

Panzi, jongoo, mjusi mmoja. Anakula kuliko mimi.

18 Mei, Jumapili

Sikwenda kanisani. Nimeweka sikio kwenye shina nikasikia sauti nyembamba kama bawaba ya mlango. Makinda! Nikamwita Kurwa naye akaweka sikio. Akaniambia yeye ni pacha, Doto wake yuko Geita, na hawajaonana tangu walipogombana kwenye machimbo. "Tulipokuwa tumboni," akasema, "nadhani tulikuwa tunalia hivi."

Huyu mtu nilimwona mshenzi. Simwoni hivyo tena. Ila kichwa chake ni kigumu, bado anasema ni sauti.

19 Mei

Eliufoo amekuja na koti lake na hasira. Kona nzima ya jaruba imeliwa, kwa sababu Kurwa alikuwa juu ya kigoda chetu anaita kok-kok wakati kwelea wanashuka.

"Mama Veneranda, mimi nimeajiri mtu wa kufukuza ndege. Wewe umemgeuza yaya wa ndege!"

"Mtu wako ndiye aliyemfanya mjane."

"Na mimi nitakula nini? Picha?"

Akasema Kurwa akitoka kichanjani tena, aende zake kabisa, asilale Kihurio. Kurwa akatazama chini. Eliufoo hakukosea, Justa, hilo ndilo linaloniuma. Mpunga ule ndio karo ya wajukuu zake. Lakini peke yangu sikifikii kipenyo, goti la kushoto halinibebi juu ya kigoda pasipo mtu wa kukishika.

Nikamwambia, "Asubuhi na jioni, saa za kulisha, kichanjani nitapanda mimi."

"Wewe? Kuamia?"

"Mimi niliamia ndege kabla hujazaliwa, hapo jirani, jaruba la baba yako likiwa bado pori. Mwanzi nitaufunga kwenye fito ndefu, Kurwa atalisha akiwa chini, na kok-kok yake. Ukiona kwelea mmoja ameshiba mpunga wako, niletee bili."

20 Mei

Nimepanda kichanjani, ngazi yake ina pa kushika. Nimepiga debe, nimeimba nyimbo za kipaimara kwa sauti ya ugomvi. Kwelea walipanda juu wote kama shuka linakung'utwa. Kutoka pale juu naona nyumba yetu, mkwaju, na barabara mpaka kona ya kwenda Same. Kila pikipiki iliyoshusha mtu nilisimama.

21 Mei

Mvua kubwa, ya kupotea njia, tulidhani masika imekwisha.

22 Mei

Mvua. Panzi hakuna, wamejificha chini ya majani. Kurwa kapata buibui tu.

23 Mei

Mvua bado. Ncha ya mdomo haitoki. Kurwa ameita mpaka koo limekauka. Nikaweka sikio, makinda wanalia lakini kidogo sana, kama watu wa chumba cha mbali.

Nilichukua panga. Nasema ukweli. Nikasema nitaubomoa huo ukuta, nimtoe, nimweke ndani kwenye kapu karibu na moto, nimlishe kwa mkono kama nilivyokulisha wewe ulipougua surua. Nilikuwa nimekwisha ligusisha panga kwenye ule udongo. Umekauka kama chungu. Kurwa akanishika kifundo cha mkono. Hakunishika kwa nguvu.

"Bibi, ukibomoa utamtoa uchi kwenye mvua. Nani kakwambia anataka kutoka?"

"Anakufa humo!"

"Labda. Lakini ukibomoa hakuna labda."

Nikamwambia ananikosea adabu. Nikamwambia arudi kwao. Nikakaa kwenye tope nikalia, nikamlilia mama yako, ambaye na yeye mwishoni alikataa kuletwa sebuleni, alitaka mlango ufungwe, na mimi niliufungua kila saa kumtazama. Kurwa akanifunika na gunia la mpunga kichwani, akakaa pembeni. Mvua ikatunyea wote wawili sawasawa.

24 Mei

Asubuhi jua, na ardhi ikatema kumbikumbi! Walitoka kwenye kile kichuguu cha nyuma ya choo, wanameta kama makapi ya ngano kwenye upepo. Tuliwazoa kwa ungo. Kurwa akaita, nikapeleka fito, na kimya. Akaita tena. Ncha nyeusi ikatoka, polepole, ikachukua mmoja. Halafu wa pili. Halafu ikawa inadai, kwa ukali, kama mimi nikidai chai.

Nimekaanga waliobaki. Kurwa amekula sahani nzima.

25 Mei, Jumapili

Nimekwenda kanisani. Nimetoa sadaka ya shukrani, mchungaji akauliza ya nini, nikasema ya kumbikumbi. Andika, nikamwambia.

28 Mei

Eliufoo amekuja na debe la mafuta limefungwa kitambaa. Ndani panzi, wamejaa wanarukaruka, na nyenje wa kingo za mfereji. Mzee wa kanisa, na koti lake, ameinama majarubani tangu alfajiri.

"Usinishukuru," akasema. "Hawa walikuwa wanaharibu kingo zangu."

"Sijakushukuru."

"Anaendeleaje, Mama Veneranda?"

Hapo ndipo nilipomsikia, Justa. Miaka mitatu nimemwona katili. Kumbe katika uwanja huu ni yeye peke yake anayelitaja jina la mama yako kila siku. Asingelitaja yeye, lingekuwa limekwisha kuoza midomoni mwetu. Nikamkaribisha makande.

2 Juni

Hukupiga simu. Mimi pia sikupiga.

8 Juni, Pentekoste

Ametoka.

Nilikuwa mlangoni kwa jikoni, bomba juu ya mchi. Nikasikia kugongagonga ndani ya mkwaju, sikuelewa. Halafu kipande cha lipu kikaanguka. Kingine. Alikuwa anaubomoa mwenyewe, kwa ule ule mdomo alioujengea, hana haraka, anapumzika, anaanza tena. Kikatoka kichwa, shingo, bega moja. Akakwama. Justa, nilishika mlango kwa kucha ili nisiende kumvuta. Akajikunja, akajinyoosha, akadondoka mpaka kwenye paa la banda la mbuzi. Manyoya mapya yote, meusi na meupe, yamekunjamana kama nguo iliyokaa sandukuni. Akapiga mabawa mara moja tu, akanitazama. Akatazama angani upande wa majaruba, muda mrefu, nadhani unajua alimtafuta nani.

Nimepiga picha nyingi. Nyingi ni mkia. Moja siyo mkia.

Kurwa alisimama na fito yake na kipande cha beseni, hajui afanye nini na mikono. Jioni makinda wakaanza kuziba tundu upya kutoka ndani, wawili hao, bado wadogo, wanapiga lipu bila kufundishwa. Mama yao akaenda kwenye kingo za jaruba, akarudi na panzi. Peke yake.

14 Juni

Mpunga umekatwa. Eliufoo amemlipa Kurwa na kumpa na koti. Koti lile! Kurwa anakwenda Geita kumtafuta Doto. Nimemfungia makande ya njiani. Ameniaga, "Bibi, baki salama. Ilikuwa sauti." Nimemtupia mwiko, haukumpata.

21 Juni

Debe limenyamaza. Mbuzi wametoa maziwa. Ningependa kelele.

5 Julai

Kinda la kwanza lilitoka juzi, la pili leo asubuhi. Midomo yao bado haijaamua rangi. Mama yao alikaa kwenye tawi la mbali na panzi mdomoni, hakuwapelekea, aliwangoja. Wakamfuata, tawi hadi tawi, mpaka upande wa Mkomazi. Hakugeuka hata mmoja. Sikuwalisha ili wageuke.

Tundu liko wazi. Nilikwenda nikaingiza mkono. Ndani bado kuna joto.

Sasa sikiliza, mke mwenzangu. Mimi sikwambii tena uje kesho wala mwezi ujao. Nilitaka kukubomolea, na mikono yangu bado inawasha kukubomolea, lakini nitaikalia. Ile picha moja nzuri sikutumii kwenye simu, nimeikataza. Iko hapa, na haya maandishi yako hapa.

Siku utakayoona mwenyewe kuwa imefika, panda basi la mchana. Usije usiku. Shukia pale kona, usichukue pikipiki, mzigo mwachie Eliufoo, atakuletea. Tembea kwa miguu, katikati ya barabara, uso juu, na uje polepole. Mimi nitakuwa nimekwisha kukulenga kwa bomba la kamera tangu konani, na wewe nakujua, ukikimbia utanitokea ukungu.